Namna ya kuigiza lililokupata mpaka mji uingie ndani: maelezo kwa vikundi vya Amu (Lamu)

Kama mna kikundi huku Amu, iwe cha vijana wa Langoni ama kina mama wa Mkomani ama ni watu wanne tu mnaokutana dakani jioni, na mnataka kutumia mchezo kuongea yale mambo ya mji yanayotuumiza, nawaomba kitu kimoja kabla ya vyengine vyote: msianze na ujumbe. Ile michezo ya siku za maadhimisho sote tunaijua, kijana anavuta unga, mama analia, baba anamfukuza, alafu anatokea daktari na koti lake jeupe anaeleza madhara, kijana anakubali kwenda kutibiwa, makofi, soda, watu wanarudi majumbani. Na yule mama mwenye mtoto anayetumia kweli alikuwa amekaa pale pale kwenye jamvi, na hakuna aliyemuuliza chochote, wakati yeye ndo anayejua mengi kuliko daktari wa mchezo. Jibu lilikuja tayari, yeye akabaki wa kupiga makofi.

Njia ninayoieleza hapa inakwenda kinyume na hiyo. Unaanza na jambo lililokupata wewe, unalifanya mchezo mfupi, unausimamisha pale palipo pagumu, alafu unawapa watazamaji wauendeleze wenyewe. Kazi yote iko hapo kwenye kuwapa. Uigizaji mzuri unasaidia lakini nishaona watu wasiojua kuigiza kabisa wakifanya kazi nzuri kushinda wenye vipaji, manake wao walikuwa tayari kuwachia.

KUCHAGUA JAMBO

Sio kila lililokupata linafaa. Chukua jambo ambalo ulikuwepo likitokea, sio la kuhadithiwa. Liwe halijaisha, yaani mpaka leo ukilala unajiuliza ningefanyaje mimi pale. Na hili la mwisho ndo watu wanalisahau, liwe na mikono ya watu wengi ndani yake. Kama ugomvi wako na mumeo ni wenu wawili tu basi upelekeni kwa wazee ama kwa kadhi, mchezo sio mahali pake. Lakini kama mnagombana juu ya pesa ya samaki, na pesa ya samaki imepungua kwa sababu mashua haiendi tena kule ilikokuwa ikienda, hapo ushatoka nje ya nyumba yako, ushafika mpaka Kililana kwenye ile bandari mpya ya Lamu, na kuna watu wengi sana wanaokungoja njiani.

Kama bado ni bichi liache. Utajua ni bichi ukianza kulieleza sauti ikakukatika, ama usiku wake ukakosa usingizi. Hilo litafutie mtu wa kukaa naye kwanza, mchezo utangoja.

Kuna zoezi moja linalosaidia sana na halitaki karatasi hata. Kila mtu aeleze siku moja kwa vipindi vya swala, alfajiri mpaka isha, na kwenye kila kipindi aseme alikuwa wapi, ameshika nini mkononi, nani alimwambia nini kwa maneno yale yale, na pesa ngapi alikuwa nayo. Asiseme "niliumia sana", aseme alifanya nini alipoumia, aliondoka, alinyamaza, alikosha vyungu vilivyokuwa visafi. Ukiwazoesha watu hivi utashangaa, mtu aliyekuwa anasema hana la kueleza anakueleza nusu saa nzima juu ya namna mteja alivyomrudishia samaki.

Mfano nitakaoutumia mpaka mwisho ni wa mama karanga, yaani mama anayekaanga na kuuza samaki, nimeutunga kwa kuchanganya mambo ya wengi ili asijulikane mtu. Alfajiri yuko jikoni, mafuta ya kukaangia ameyakopa dukani. Adhuhuri yuko pwani na pakacha lake anangoja mashua, mashua inafika na samaki wachache, na hao wachache nahodha anampa tajiri mwenye barafu kwa sababu ndo aliyemkopesha nyavu. Alasiri kuna mkutano wa fidia ya bandari, majina yanasomwa, lake halimo. Magharibi anamuuliza mumewe, ambaye ni mvuvi na jina lake limo, na mumewe anamjibu kwa upole kabisa, "Mama watoto, si wamesema ni ya wavuvi?" Isha anahesabu deni la mafuta.

Ona hapo hakuna mtu mbaya. Mume ni mtu mzuri, nahodha ana deni lake, aliyesoma majina kapewa karatasi asome. Na ndani yake kuna habari ya mji mzima, manake mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari, kesi yenyewe ilipelekwa tangu 2012, na kila nyumba huku ilikuwa na maongezi yake juu ya pesa hiyo, nani mvuvi, nani sio, anayepara samaki ahesabiwe wapi. Ukisimama na maikrofoni ukauliza "je, wanawake wana nafasi gani katika sekta ya uvuvi" watu watakuangalia tu. Ukiwaonyesha yule mama na pakacha lake, maneno yatatoka.

KUTAFUTA ZA WENGINE

Jambo lako peke yake bado ni lako. Likitaka kuwa la mji lazima ulitoe uskie wengine wanalipokea vipi. Lieleze barazani kwa dakika tano, bila kuigiza, alafu nyamaza. Kama watu wanasema "pole" na wanabadilisha maongezi, jambo hilo halijafika. Kama mmoja anakwambia "wewe afadhali, mimi mwaka ule..." basi umepata, muache aseme mpaka amalize na usimkatize kumpa yako tena.

Wanaume wa kwetu utawapata baada ya alasiri, Mkunguni mbele ya ngome ama kwenye viti vya pwani. Kina mama ni ndani, wakishona kofia, wakichagua mchele wa arusi, na hapo kama wewe ni kijana wa kiume usijipeleke, mtume dadako ama mamako na umuamini atakacholeta. Usiende na simu imewashwa kurekodi. Kenya kuna sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inayozungumzia ridhaa ya mtu juu ya habari zake, lakini hata kabla ya sheria sisi tuna stara, na mtu akishaona simu yako juu ya meza atakwambia yale anayomwambia mgeni.

Hapa nataka nikae kidogo, manake mji wetu ni mdogo. Ukisema kwenye mchezo "mama mmoja wa mtaa fulani ambaye mumewe ana mashua ya kijani", washamjua kabla hujamaliza sentensi, na kesho yake atapitia njia ya nyuma. Siri ya mtungi aijuaye kata, na we ukishapewa siri ushakuwa kata, kwa iyo badilisha. Mtaa badilisha, kazi badilisha kama inawezekana, watoto wawe wengi ama wachache, mambo ya watu watatu yatie kwa mtu mmoja. Alafu mrudie aliyekupa umuonyeshe kile kipande kabla hakijaonwa na yeyote, umuulize, "Bibi, hapa nimetoa hili na hili, uko radhi?" Akikwambia toa na hili, unatoa, hata kama ndo lilikuwa tamu kuliko yote. Kukubali kwake kukueleza sio kukubali uigize.

KUUTENGENEZA

Dakika kumi mpaka kumi na tano, basi. Waigizaji wanne ama watano. Mchezo usiwe na mwisho, ukatike pale mama karanga anapoulizwa "si wamesema ni ya wavuvi?" na kila mtu aliyekaa ana jibu lake mdomoni.

Mazoezi ya kwanza msitumie maneno. Aliyeleta jambo awapange wenzake kama sanamu, huyu akae hivi, yule asimame kule ampe mgongo, mwengine ainue mkono na karatasi, bila kueleza kwa nini. Alafu wengine waizunguke ile sanamu waseme wanaona nini. Mara nyingi wanaona kitu ambacho mwenyewe hakukijua, kwa mfano kwamba mume kasimama karibu zaidi na tajiri kuliko na mkewe. Hapo ndo mchezo unapoanza kupata mwili. Zoezi hili ni la Augusto Boal, Mbrazili aliyeishi kutoka 1931 mpaka 2009, na nitamrudia mbele manake njia hii kwa sehemu kubwa ni yake.

Ushauri wangu mwengine, mwenye jambo asijiigize mwenyewe, angalau mara za mwanzo. Mwengine amuigize na yeye akae pembeni aseme "hapana, hakuniambia kwa sauti hiyo, alisema polepole". Akiwa pembeni anaweza kulitazama lile lililompata, akiwa ndani yake linampata tena.

Maneno wasikariri. Wajue nini kinatokea na waongee wenyewe, na waongee Kiamu, Kibajuni, Kipate, vile wanavyoongea nyumbani. Mama anayegombana na mumewe kwa Kiswahili cha habari ya saa moja hakuna atakayemuamini.

Alafu tumieni vitu vya hapa. Kulikuwa na mtafiti wa Marekani, Dwight Conquergood, mwaka 1985 alikaa kwenye kambi ya wakimbizi wa Kihmong kule Ban Vinai, Thailand, kambi ilikuwa na shida ya mbwa wenye kichaa na watu hawakuwa wanaleta mbwa wachanjwe. Yeye na waigizaji wa Kihmong wenyewe wakafanya zefe kambini, mmoja chui milia, mwengine pepo wa kwao, mwengine kuku, wahusika ambao watu wanawajua kutoka kwa hadithi zao, na baada ya hapo mbwa wakaletwa kwa wingi. Alichofahamu ni kwamba watu hawakuwa wanakataa dawa, waliletewa tu kwa lugha isiyokuwa yao.

Sisi Amu tuna zaidi ya zefe. Chukua kirumbizi, wanaume wawili na bakora zao katikati ya duara, zumari inalia. Ule ugomvi wa nahodha na tajiri juu ya bei ufanye kwa kirumbizi, kila pigo na neno lake, "unanidai", pah, "nyavu zako mbovu", pah, "rudisha basi", na mtu ataelewa deni ni nini bila kuelezwa. Vugo la kina mama nalo, zile pembe zikigongwa na wimbo wa mafumbo juu yake, linafaa sana kusema yale ambayo mama karanga hawezi kuyasema mbele ya mumewe. Lakini angalieni, nyimbo za vugo zinakata, msitunge fumbo ambalo watu watalivua likaangukia kwa mtu wa kweli mtaani. Na anayesimulia anaweza kutia beti mbili tatu za utenzi kufungua, mizani nane kila mshororo, kitu chepesi tu kama hivi:

Naliamka mapema,
hadi pwani nikakoma,
mashua ikaegema,
na pakacha langu tupu.

Kuna mipaka. Mambo ya Maulidi, kasida na matari ya msikitini, yawacheni yalipo, msiyatie kwenye mchezo hata kama sauti yake ni nzuri. Mkiwa hamna uhakika kitu fulani kiko upande gani, kaulizeni wazee wa kile kitu wenyewe, watafurahi kuulizwa na pengine mtapata mpiga zumari bure. Na nguo: msimvike maskini matambara. Mama karanga wa kweli anavaa leso safi.

SIKU YENYEWE

Hii fupi. Kenya sheria ya mikutano ya hadhara inataka taarifa ifike polisi sio chini ya siku 3 na sio zaidi ya siku 14 kabla, kwa iyo andikeni barua, bakini na nakala yenye muhuri. Chifu na mzee wa mtaa waambieni kwa mdomo, na imamu wa msikiti ulio karibu pia, manake spika yenu na adhana yake zisikutane. Muda mzuri ni baada ya alasiri mumalize kabla ya magharibi. Angalieni maji, bamvua likijaa pale pwani nafasi inakuwa ndogo na watu wanashughulika na vyombo. Angalieni msimu pia, kaskazi wavuvi wako baharini, kusi ikikaza ndo utawapata mjini. Duara liwe na mlango wa punda kupita, hawatangoja. Kina mama wawe na upande wao wenye kivuli na wanaoona vizuri, sio nyuma ya wanaume.

Na kuna jambo la kuchukulia kwa uzito. Huku kwetu tangu mashambulio ya Mpeketoni ya Juni 2014 na kafyu iliyofuata, watu wana woga na mikusanyiko, na kuna maneno ya ardhi na ya kabila ambayo yakianzishwa ovyo mbele ya watu mia hayarudishiki. Sisemi msiyaguse. Ila msiyaanze uwanjani, yaanzeni chumbani na watu kumi, wa pande zote, wanaojuana, na kama hamna mtu wa upande wa pili kwenye kikundi chenu basi hamko tayari kumuigiza.

KUSIMAMISHA NA KUWACHIA

Hapa ndo pana kazi. Mnacheza mara ya kwanza mpaka mwisho wake uliokatika. Kisha anatoka msimamizi, mtu mmoja ambaye hakuigiza, mwenye sauti na mwenye subira, anauliza tu, "Haya, hii inatokea huku kwetu ama haitokei?" Ngoja. Kimya kitakuwepo na msimamizi mchanga atataka kukijaza, asikijaze. Alafu anasema tunacheza tena, na safari hii yeyote akiona mama anakosea aseme "simama", aingie mahali pake, afanye vile anavyoona yeye.

Boal alipokuwa Peru mwaka 1973 alikuwa anafanya kwa namna nyengine kwanza, watazamaji wanasema na waigizaji wanaigiza wanachoambiwa. Mama mmoja akashauri jambo, waigizaji wakalifanya, akasema sio hivyo, wakarudia, sio hivyo, mwisho akapanda jukwaani akafanya mwenyewe, na kutokea hapo Boal akaona mtazamaji lazima apewe nafasi ya kuingia. Ni hadithi nzuri na vitabu vingi vinaishia hapo, kwamba ile namna ya zamani imepitwa. Mimi sikubaliani, kwa mji kama wetu. Kuna mama atakayekaa kwenye mkeka wake na buibui lake na hataki kusimama mbele ya wanaume, na hiyo ni haki yake wala sio uoga, lakini akili yake ni kali kama ya yeyote. Huyu mpe ile namna ya kwanza. Aseme alipo, ama amnong'oneze binti aliye karibu naye, na muigizaji afanye anachoambiwa na amuulize "hivi, mama?" mpaka aridhike. Mnaweza pia kucheza mara mbili, moja nje na moja ndani kwa wanawake watupu, na mtaona majibu hayafanani kabisa.

Itakuwa hivi. Mzee mmoja atasema, "Mwanangu, asimjibu mumewe wakati ule. Amuache ale kwanza." Msimpinge, mchezeni. Mama anapakua, mume anakula, anashukuru, analala. Watu wanacheka na mzee mwenyewe anacheka, na bado swali liko pale pale. Kijana ataingia afoke, "Haki yangu!", na mwigizaji wa mume hatakiwi kukubali kirahisi, afanye vile mume wa kweli angefanya, atoke aende barazani. Kisha bibi mmoja atasema kutoka jamvini, "Muulizeni ana daftari?" Daftari gani, bibi? "La samaki aliowanunua. Mimi kila siku naandika, nani kaniuzia, kilo ngapi, bei gani. Akienda kwenye mkutano bila daftari watamuona mke wa mtu tu."

Hapo mchezo umetoa kitu ambacho nyinyi hamkukileta. Msimamizi asikimbilie kusifu, aseme tu haya tuone, na mama karanga aende mkutanoni na daftari, na aliyesoma majina ajibu vile angejibu kweli, "Hii haina muhuri." Sasa watu wanaanza kuulizana, muhuri unatoka wapi, BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo wa wavuvi, wanaweza kutia sahihi, kuna mtu ana barua ya namna hiyo. Wanaongea wao kwa wao na msimamizi hana kazi tena.

Sheria mbili zishikeni. Anayeingia achukue nafasi ya yule aliyebanwa, asichukue nafasi ya anayebana akamfanya mzuri ghafla, kwa sababu nje ya duara hakuna atakayembadilisha hivyo. Na miujiza hairuhusiwi, hakuna mjomba wa Arabuni anayetuma pesa. Mtu akileta muujiza uliza watazamaji "hii inawezekana?" na watamrudisha wenyewe.

MAZOEZI YA KWENDA KUTOA MAONI

Kwangu mimi faida kubwa ya njia hii iko hapa, na sioni vikundi vingi vikiitumia hivi. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kitaifa la kuamua kesi za mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya kile kiwanda cha umeme wa makaa cha megawati 1,050 kilichotakiwa kujengwa Kwasasi, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Yaani kushirikishwa sio pambo, Katiba ya 2010 imekuweka ndani ya kifungu cha 10, na kukikosekana leseni inaweza kuanguka. Lakini kushirikishwa kunataka mtu anayeweza kusimama akasema, na watu wetu wengi wakifika kwenye ukumbi wakaona meza yenye kitambaa na maji ya chupa wanameza maneno yote.

Kwa iyo mkiskia kuna mkutano wa maoni unakuja, wa bajeti ya kaunti, wa ardhi, wa mradi wowote, ufanyeni mchezo wiki moja kabla. Panga meza kweli. Mmoja awe afisa na kitabu kinene cha Kiingereza, asome haraka, aangalie saa, aseme "dakika mbili mbili tafadhali". Mwengine awe yule mwenye kelele anayeshika maikrofoni kila mara kumshukuru mheshimiwa. Alafu mama karanga ainuke. Ajizoeze kutaja jina lake na kazi yake kabla ya chochote, mimi nakaanga na kuuza samaki tangu mwaka fulani, kisha aseme alichokiona kwa macho yake, kisha anachotaka, kisha aulize, "Nililosema limeandikwa wapi? Naomba nisomewe." Hilo swali la mwisho mrudieni mpaka litoke bila kutetemeka. Ajizoeze kukatizwa pia, afisa amwambie "Mama, hilo sio la leo", na kila mtu kwenye duara ajaribu jibu lake, mmoja atajibu kwa ukali, mwengine atakaa chini, mwengine atasema kwa heshima zote, "Sawa, lakini mimi ndo leo nimekuja, basi niandikieni ni lini." Hilo la mwisho likifanya kazi mpeni kila mtu alijaribu kwa mdomo wake. Wazoesheni pia kuomba mkalimani, na kuomba kile kitabu kiletwe kabla ya siku ya mkutano.

Wafanye wanaume wacheze mama karanga pia mara moja moja, chumbani. Mvuvi aliyekaa dakika kumi upande ule wa meza akiambiwa "wewe sio mvuvi" anatoka na uso mwengine.

BAADA YA MCHEZO

Watu wakiondoka msiondoke. Kaeni na aliyetoa jambo, kuleni pamoja, muulizeni anaskiaje, na siku ya pili yake mtu mmoja ampitie nyumbani. Yaliyosemwa yaandikeni usiku huo huo, mapendekezo sio majina, na myapeleke kunakohusika, kama ni daftari na muhuri basi BMU, na mkipata jibu rudini pale pale uwanjani mlieleze, hata likiwa ni la kukataa. Mkienda kimya watu watajua walikuwa burudani.

Pesa iongeleeni mapema. Kama kuna nauli ya boti kwa wa Matondoni na Kipungani na soda tu, semeni ni soda tu. Wakati wa kampeni mtu wa siasa atakuja na fulana na jenereta, kataeni kwa adabu, mana baada ya siku hiyo hakuna atakayeingia kwenye duara lenu akasema la kweli.

Na msishangae mchezo ukiwaletea maneno na wakubwa. Kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977 wanakijiji walicheza maisha yao, na kwenye mazoezi wakawa wanawasahihisha walioandika, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, huyu mzee haongei hivi, kiwandani hatufanyi hivi. Serikali ikausimamisha, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka ule ule, na 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Nyakati zimebadilika, lakini barua yenu ya polisi na nakala yake wekeni mahali salama, na muwe na namba ya wakili ama shirika la haki mnaloliamini kabla hamjaihitaji.

Klipu za mchezo msizitie WhatsApp bila kila anayeonekana kukubali, waigizaji na watazamaji, na za ndani kwa kina mama zisirekodiwe kabisa. Na aliyewapa jambo lake anaweza kulichukua. Leo amekubali, kesho binti yake anachumbiwa na hataki tena lisemwe, hata kama lishabadilishwa mtaa na jina. Akiwaambia basi, ni basi, msimuulize sababu, uondoeni hata kama ndo mchezo mnaoalikwa nao kila mahali, na mkae chini muanze na jambo la mwengine kwa vipindi vya swala, alfajiri mpaka isha.